Kabla hujanunua gari ya umeme Unguja au Pemba

Hesabu wanayopewa wanunuzi wa gari za umeme hapa visiwani ni fupi na inavutia. Petroli unaijua: kila mwezi ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati Zanzibar, wanapotangaza bei mpya watu wanashika vichwa. Umeme unaununua kwa Tukuza, yaani kwa kulipia kabla, unachaji nyumbani usiku, asubuhi unaondoka. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha wala plagi, na hakuna ekzosi ya kutoboka. Hayo yote ni kweli. Gari ndogo ya umeme inakwenda kama kilomita 6 kwa uniti moja. Chukua risiti yako ya mwisho ya Tukuza, gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata, halafu gawa tena kwa 6. Hiyo ndiyo nishati ya kilomita moja. Kisha fanya ya petroli: bei ya lita gawa kwa 12 au 13, ambazo ndizo kilomita za gari yenye injini ndogo. Umeme utashinda, tena kwa mbali.

Lakini hesabu hiyo imekiacha nje kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari. Mwenye gari ya petroli analipa kidogo kidogo kila anapoingia sheli. Mwenye gari ya umeme sehemu kubwa ya malipo yake imo ndani ya betri, na betri inachakaa akiendesha na inachakaa akiilaza. Ikifika mwisho, malipo yanadaiwa kwa mkupuo mmoja. Na gari za umeme ambazo wengi wetu tunaweza kuzinunua ni zile zilizokwisha kutumika Japani miaka saba, minane, kumi. Mwenyewe wa mwanzo alifaidi miaka mizuri ya betri, akaiuza kabla ya siku ya malipo. Siku hiyo inamsubiri mnunuzi wa hapa, na ndiyo maana bei mnadani inaonekana ya kutupa. Nataka watu waijue kabla hawajatoa akiba zao, kwa sababu gari ikishashuka bandarini na ushuru umeshalipwa hakuna pa kuirudisha.

Tuanze na betri yenyewe, maana humo ndimo mlimo na fedha.

Nissan Leaf ni mfano mzuri kwa kuwa ilitoka mapema, Desemba 2010, ikauzwa kwa wingi, na usukani wake uko kulia kama gari zetu nyingine. Ile ya mwanzo ina betri ya kilowati-saa 24, maana yake inaingia uniti 24 za umeme. Japani ilitangazwa kwamba inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Wamarekani walipoipima kwa utaratibu wao, ambao uko karibu zaidi na uendeshaji wa kweli, walipata maili 73, yaani kilomita 117. Baadaye zikaja za uniti 30, halafu 40 mwaka 2017, halafu 62 mwaka 2019. Anayetangaziwa "Leaf" bila kuambiwa ni ipi kati ya hizo, hajaambiwa kitu.

Hizo namba ni za betri mpya. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipau vikubwa vinavyoonyesha chaji iliyomo, na pembeni yake, vidogo sana, vipo vipau 12 vingine. Wanunuzi wengi wanaviangalia vile vikubwa, wanaona gari imejaa, wanafurahi. Vile vidogo ndivyo vinavyosema betri imebakiwa na uwezo gani. Kipau cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 nyingine. Gari yenye vipau 8 imebakiwa na thuluthi mbili tu.

Sasa weka thuluthi mbili hizo barabarani. Gari ya uniti 24 iliyobakiwa na vipau 8 itakupa kilomita 80 hivi, na ukiwasha kiyoyozi katika jua la kaskazi, pungufu ya hapo. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60. Utafika, lakini kurudi huwezi mpaka uchaji, na kuchaji kwa soketi ya kawaida ni kazi ya usiku kucha. Kutoka Mkoani hadi Wete kupitia Chake Chake ni kama kilomita 60 vilevile, tena kwa milima ya Pemba, inayokula chaji wakati wa kupanda na kurudisha sehemu tu wakati wa kushuka. Mtu wa Wete mwenye abiria wa boti ya Mkoani hawezi kuitegemea gari hiyo kwenda na kurudi siku moja.

Kwa nini betri inapungua? Chaji ni lithiamu inayohama kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili, na gari inapokwenda inarudi ilikotoka. Kila siku kiasi kidogo kinanasa kwenye utando unaojijenga juu ya upande mmoja, na kilichonasa hakirudi tena kazini. Joto ndilo linaloukuza utando ule kwa kasi. Betri iliyojaa pomoni, imeegeshwa juani, inachakaa hata kama gari haijasogea hatua moja.

Hili lilijulikana hadharani mwaka 2012 katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako ni jangwa. Wenye Leaf za mwaka mmoja na ushei walianza kuona vipau vinazimika. Kesi ikafunguliwa, na mwishowe Nissan ikatoa dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vipau 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, kampuni inashughulika. Sababu kubwa ni kwamba betri ya Leaf hizo haina mfumo wa kuipoza, inategemea upepo tu, wakati watengenezaji wengine wengi wanapitisha maji maalumu ya kupoza katikati ya seli, yaani vile vijibetri vingi vinavyounganishwa kufanya betri moja kubwa. Kuanzia gari za mwaka 2015 Nissan walibadilisha mchanganyiko wa kemikali ili ustahimili joto zaidi, na kwa mnunuzi wa hapa tofauti hiyo ni kubwa. Joto letu halifiki la Arizona, lakini jangwani kuna miezi ya baridi ambayo betri inapumzika. Sisi hatuna. Kipupwe chetu ni joto la kawaida la watu wengine.

Dhamana ile, wala nyingine yoyote ya kiwandani, usitegemee itakufuata Unguja kwa gari uliyoinunua mnadani. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo lazima niliseme wazi. Vipau vile vidogo vinaweza kurudishwa. Mtu mwenye kompyuta ya gereji anafuta kumbukumbu ya betri, dashibodi inaonyesha vipau 12, picha inapigwa, gari inauzwa. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha, kompyuta ya gari inajifunza upya hali halisi na vipau vinaanza kuzimika kimoja kimoja. Aliyenunua anadhani gari imeharibikia mikononi mwake, kumbe ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kinga ipo na si ghali. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinazungumza na simu kwa Bluetooth, na programu ya simuni inasoma betri seli kwa seli. Betri ya Leaf ya uniti 24 ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli. Nilimwona fundi mmoja kijana pale Amani akiisoma gari ya mteja: simu ilijaa mistari midogo iliyosimama kama chelewa, yote karibu sawa, isipokuwa miwili iliyokuwa mifupi kidogo kuliko mingine. Akamwambia mwenye gari, "Sheikh, hizi mbili ndizo zitakazokusimamisha njiani. Betri yote inafuata iliyo dhaifu." Na ndivyo ilivyo. Seli moja ikifika chini, kompyuta inaizima gari hata kama nyingine zote bado zina chaji. Kwa hiyo wastani wa afya ya betri peke yake hautoshi. Omba uone na tofauti baina ya seli. Kama gari bado iko Japani, mtake muuzaji akupigie video gari ikiwa imewashwa, kipimo kikiwa kimechomekwa. Akikataa, umeshapata jawabu.

Na ikifa kabisa? Betri mpya kwa gari kuukuu inaweza kulingana na bei uliyoinunulia gari nzima, au kuipita. Yaliyokwisha kutumika yapo, lakini yametoka kwenye gari kama hiyo hiyo yako. Uzito wake ni kama kilo 300, na kuisafirisha si sawa na kuagiza giaboksi: betri ya lithiamu inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari, daraja la 9, ina makaratasi yake, ufungaji wake na bei yake, na si kila wakala anaikubali.

Kuchaji nyumbani

Jambo hili linapita kimya na linaweza kuunguza nyumba. Waya wa kuchajia kwa soketi ya kawaida unavuta ampea 10 au zaidi mfululizo, yaani kilowati 2.3 kwenda juu. Pasi na birika la umeme vinavuta kiasi hicho pia, lakini kwa dakika chache. Gari inaweza kuvuta saa kumi au zaidi bila kupumzika, usiku baada ya usiku. Soketi iliyolegea, waya mwembamba uliofichwa ukutani tangu enzi za babu, kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu: vyote hivyo vinapata moto taratibu mpaka plastiki inalainika.

Jirani yangu yalimkuta hayo. Soketi ilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbini, waya umepitishwa dirishani hadi uani. Mkewe ndiye aliyesikia harufu, alfajiri, akidhani ni mdudu ameungua kwenye taa. Plagi ilikuwa imegandana na soketi, ukuta una doa la rangi ya kahawia, na ilipong'olewa pini moja ilibaki ndani. Gari haikuwa na kosa lolote. Waya wa Japani una plagi ya kwao, na aliyemuuzia alimpa adapta ya dukani ya kuchajia vitu vidogo.

Kinachotakiwa ni laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme hadi inapoegeshwa gari, waya mnene, swichi yake ya kujikata, na erthi ya kweli iliyozikwa ardhini. Nyumba nyingi za zamani erthi yake ni ya jina tu, na waya nyingi za kuchajia zikikosa erthi zinakataa kabisa kufanya kazi. Watu wanazungusha gari kwa mafundi kumbe tatizo ni nyumba. Fedha za kazi hiyo zitie kwenye bei ya gari tangu mwanzo.

Halafu liko swali la mahali. Anayekaa ghorofa ya nne Michenzani atashusha waya hadi wapi? Anayekaa Mji Mkongwe gari inalala mbali na mlango wake, kwa sababu vichochoro havipitishi gari. Mpangaji anayetumia mita moja na wenziwe ataeleza vipi uniti zinavyokwisha? Gari ya umeme ni ya mtu mwenye ua na mita yake, na hilo linawaondoa watu wengi wa mjini ambao ndio wenye safari fupi zinazoifaa.

Umeme wenyewe unatufikia kwa waya uliopita chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kutoka upande wa Tanga. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2008, karibu mwezi mzima bila umeme Unguja, halafu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Mwaka 2013 uliongezwa waya mwingine wa megawati 100 na hali ni nzuri zaidi tangu hapo. Pemba nayo iliunganishwa mwaka 2010. Haki isemwe, petroli nayo inakuja kwa meli na inakatika. Lakini petroli unaweza kuweka dumu moja nyumbani. Umeme ukikatika jioni na gari iko chini, utaamka nayo chini, na kuichaji kwa jenereta ni kununua petroli ileile kwa njia ndefu.

Chumvi

Gari zote visiwani zinaliwa na kutu, hilo si geni. Kwa gari ya umeme kutu inagusa vitu tofauti. Kasha la betri liko chini kabisa, limeshikwa kwa bolti zinazopigwa na maji ya chumvi, na vichwa vya waya mikubwa ya rangi ya chungwa vimo humo humo. Breki pia: gari inapopunguza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo diski hazisuguliwi sana. Bara huko ni faida, breki zinadumu. Kwetu diski isiyosuguliwa inaota kutu na pistoni za breki zinaganda. Safisha chini ya gari kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, mara kwa mara, na kila siku kanyaga breki kwa nguvu mara chache pale barabara iko wazi.

Maji ya masika yanayotuama mitaani kwa kawaida hayaiui betri, maana kasha limezibwa, ingawa muhuri wa gari ya miaka kumi si wa kuujaribu. Maji ya bahari ni jambo jingine. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida mwaka 2022 bahari ilipanda mitaani, na gari kadhaa za umeme zilizozama ziliwaka moto siku za baadaye, zikiwa zimeshatolewa majini. Chumvi inapitisha umeme baina ya sehemu zisizotakiwa kugusana, seli inapata joto, joto linaambukiza seli ya jirani. Moto huo unahitaji maji mengi sana kuupoza na unaweza kurudi baada ya kuzimwa. Kwa hiyo mazoea ya kuteremsha gari pwani kupokea samaki mashua ikiingia, magurudumu yakiwa majini, yaache kabisa ukiwa na gari ya namna hii. Na ikiwahi kuzama kwenye maji ya chumvi, usiilaze karibu na nyumba.

Mengine ni madogo lakini yanajumlishika. Gari hizi ni nzito: Leaf ya mwanzo ina kama kilo 1,500, wakati gari ndogo za petroli tulizozizoea ni kama tani moja, na uzito huo pamoja na nguvu inayotoka ghafla vinakula matairi na bushi, hasa kwenye barabara za mawe. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi tunakata, inamlipa uliyemgonga. Betri yako hailipi. Lipo na betri dogo la volti 12 kama la gari yoyote, na likifa gari haiwaki ingawa kubwa limejaa, na mafundi wanaohangaika na kubwa wakati dogo ndilo lililokufa si wachache. Na fundi mwenyewe: ndani mnapita volti 360 hivi, za kuua mtu mara moja. Fundi hodari wa injini, asiyefundishwa kuikata betri na kuvaa glovu za kazi hiyo, hafai kufungua kitu chochote chenye waya wa chungwa. Muulize amejifunza wapi. Hatakasirika kama anajua kazi.

Betri iliyokufa tunaitupa wapi? Taka zetu za Unguja zinakwenda Kibele, na Kibele si mahali pa kuzika kilo 300 za lithiamu, manganizi na vimiminika vinavyowaka, katika kisiwa ambacho maji ya kunywa yanatoka chini ya mawe yaleyale. Kila gari inayoingia inaleta mzigo huo. Betri iliyochoka kwa gari, iliyobaki nusu ya uwezo wake, bado ina uniti 12 ndani, na moduli zake nzuri zinaweza kufungwa upya kuhifadhi umeme wa jua wa nyumba au skuli. Kazi hiyo inafanyika nchi nyingine. Hapa vijana wa ufundi wafundishwe mapema, kabla gari hizo hazijawa nyingi, na ushuru wa kuingiza gari ungefaa utenge sehemu kwa ajili hiyo.

Nani basi anunue? Mwenye nyumba ya Fumba au Kiembesamaki, ana ua, safari yake ya siku haizidi kilomita 40, na nyumbani ipo gari nyingine ya safari ya shamba. Huyo, akipata ya 2015 kuendelea yenye seli zilizolingana, atafaidi na namtakia kheri. Anayetaka gari moja ya kila kitu, ya kubebea familia Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa na kurudi usiku, asubiri, au achukue haibridi, yaani gari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja.

Kwa safari za mjini mimi naona pikipiki ya umeme ndiyo inayoelewana zaidi na visiwa hivi kwa sasa. Kwa nyingi kati yake betri inachomoka, mtu anaibeba kwa mkono hadi ghorofa ya nne Michenzani, inachajiwa kwa chaja ndogo isiyoichosha soketi, na ikifa, kuinunua nyingine ni maumivu ya mwezi mmoja.